Mekanika ya Kukariri: Uhakiki wa Ufundishaji wa Somo la Kwanza la Uhandisi

Wako wanachama watakaouliza: jarida la nadharia la Chama lina shughuli gani na darasa la mekanika? Si afadhali kuwaachia wahandisi mambo yao? Jibu letu ni kwamba swali la nani anajua, na anajua kwa namna gani, ni swali la siasa. Taifa linaloazimia kujenga madaraja, mabwawa, reli na viwanda vyake haliwezi kukwepa kuuliza wajenzi wake wanafundishwaje. Mekanika ndilo somo la kwanza wanalokutana nalo. Humo wanajifunza habari za kani, yaani msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine, na masharti ya kitu kutulia au kwenda. Awe ni mhandisi wa barabara au wa mitambo, hapana budi apite mlango huo. Mlango ukiwa umepinda, nyumba nzima hupinda.

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilishutumu elimu ya vitabu iliyokatwa na maisha ya watu. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule, na wahitimu wake wa kwanza walitoka 1977. Kabla ya hapo vijana wetu walikwenda kusomea uhandisi Nairobi au ng'ambo. Azimio la Musoma la 1974 nalo lilitaka mwanafunzi apate kwanza kufanya kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kwa hiyo nia ya kuunganisha nadharia na vitendo haikukosekana. Tunalolihakiki hapa ni jambo jingine, ambalo lingali linaonekana katika vyuo vingi vya nchi nyingi, tajiri na maskini: namna somo lenyewe linavyofundishwa mbele ya ubao.

Kosa la kwanza: ukasuku

Mwalimu anaingia, anaandika mlinganyo, anatatua mfano mmoja, kisha wa pili. Wanafunzi wananakili. Wakipewa swali, hawaanzi kwa kuuliza ni kitu gani kinasukumwa na nani. Wanatafuta ni mlinganyo upi wenye herufi zinazofanana na zile zilizomo katika swali. Ukikaribia mtihani wanakusanya mitihani ya miaka iliyopita na kuikariri. Wengi hufaulu, na baadhi yao hufaulu vizuri sana.

Sasa tumwulize huyo aliyefaulu swali lisilo na hesabu. Mtoto amerusha jiwe juu. Jiwe limekwisha kuachana na mkono na lingali linapanda. Tukiuweka kando upinzani mdogo wa hewa, ni kani zipi zinazolishika jiwe wakati huo? Wengi watajibu kwamba kani ya mkono ingalimo ndani ya jiwe, inapungua kidogo kidogo, na ikiisha jiwe litaanguka. Jibu hilo si sahihi. Mkono ukishaliachia jiwe hauna tena kani juu yake. Kinacholivuta ni dunia peke yake, wakati wa kupanda, kileleni, na wakati wa kushuka. Mwanafunzi huyo anaweza kukokotoa kimo cha jiwe hadi sentimita ya mwisho, lakini fikra yake juu ya mwendo ni ileile aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima wanafunzi wao kwa maswali ya namna hiyo. Waligundua kwamba mafunzo ya kawaida yalibadili fikra zao kidogo sana, na kwamba hali ilikuwa ileile hata walimu walipotofautiana. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62. Katika kozi za kuhutubiwa, wanafunzi walipata kwa wastani asilimia 23 tu ya yale ambayo mwanzoni hawakuyajua. Katika kozi ambazo wanafunzi walitabiri, wakabishana na kusahihishana darasani, walipata asilimia 48.

Makada tuyatafakari matokeo hayo. Nchi ile ina maabara, vitabu na fedha kutuzidi mara nyingi, na bado njia ya kuhutubu ilishindwa humo. Kwa hiyo wanaosema kwamba udhaifu wa wanafunzi wetu unatokana na umaskini wetu peke yake wanajificha. Njia mbovu ni mbovu hata ikiwekwa katika jumba la fahari.

Kosa la pili: kuabudu vitendo

Wapo wanaouona ukasuku na kuuchukia, lakini wanakimbilia upande wa pili. Wanasema: mpelekeni mwanafunzi karakana, ashike nyundo, nadharia itakuja yenyewe. Kauli hii inapendeza masikioni kwa sababu inamsifu mfanyakazi. Hata hivyo haitoshi.

Tuchukue mzega. Mchukuzi wa maji anaweka mti begani, ndoo mbele na ndoo nyuma. Ndoo moja ikiwa na kilo 20 na nyingine kilo 10, hauweki mti begani katikati. Anausogeza mpaka bega liwe karibu na ndoo nzito. Ikiwa ndoo zimeachana kwa sentimita 150, na tukiuacha uzito wa mti wenyewe, bega litakuwa sentimita 50 kutoka ndoo nzito na sentimita 100 kutoka ndoo nyepesi. Maana 20 mara 50 ni sawa na 10 mara 100. Mchukuzi haihitaji hesabu hiyo. Bega lake limemfundisha.

Lakini bega linafundisha mzigo uliokwisha kubebwa. Daraja halijengwi kwa kujaribu-jaribu mpaka lisimame. Mhandisi hana budi ajue kabla ya zege kumwagwa kwamba nguzo hii itabeba kiasi hiki na ile kiasi kile. Hapo ndipo kazi ya nadharia ilipo: inauchukua ujuzi uliomo begani mwa mtu mmoja na kuufanya mali ya wote, utumike hata mahali ambapo hakuna bega lililowahi kufika. Mwanafunzi aliyebeba mzega miaka kumi, na ambaye mwalimu wake hakumwuliza kamwe kwa nini alisogeza mti, ameuacha uzoefu wake nje ya mlango wa darasa. Vitendo na nadharia vimekaa kichwani mwake kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Kiungo kilichopotea

Kiungo cha vitu hivyo viwili ni kazi moja ndogo inayodharauliwa: kuchora kitu kilichotengwa. Mwanafunzi anachagua kitu kimoja, anakikata katika fikra kutoka kwa kila kinachokigusa, kisha anaonyesha kwa mishale kila kani inayokishika. Kila mshale uwe na majina mawili: kani ya nani, juu ya nani. Mshale usio na mwenyewe ufutwe. Mlinganyo uje baada ya mchoro. Katika madarasa mengi mchoro huu huchorwa na mwalimu, haraka, kama pambo la mfano. Mwanafunzi hupewa matunda ya fikra; fikra yenyewe hapewi.

Gharama ya upungufu huu imekwisha lipwa kwa roho za watu. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli moja ya Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi zilianguka. Watu 114 walikufa. Njia ya ghorofa ya nne ilikuwa juu kabisa ya ile ya ghorofa ya pili. Katika mchoro wa kwanza, nondo ndefu zilitoka darini, zikapenya boriti za njia ya juu na kushuka hadi ya chini. Kila njia ilikalia nati zake kwenye nondo ileile. Wakati wa ujenzi mpango ulibadilishwa ili kurahisisha kazi: nondo za kwanza zitoke darini hadi njia ya juu, na nondo nyingine zining'inie kutoka njia ya juu hadi ya chini.

Badiliko hilo laonekana dogo. Fikirini watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kwa mikono yake. Sasa wa chini aiachie kamba na kuishika miguu ya wa juu. Uzito wote uliofungwa kwenye dari haukubadilika hata chembe. Lakini mikono ya wa juu sasa imebeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa: nati zilizo chini ya boriti za njia ya juu zilipewa mzigo mara mbili. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata mpango wa kwanza haukufikia kiwango kilichotakiwa na sheria za ujenzi za mji ule.

Anayekokotoa jumla ya uzito haoni kosa, kwa sababu jumla ni ileile. Anayeikata boriti ya juu na kuuliza ni nani anayeivuta chini na ni nani anayeishikilia juu, analiona kosa kwa dakika tano. Hili ni swali la wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Lilipita mikononi mwa watu wenye shahada na leseni.

Lugha, na sisi wenyewe

Hatuwezi kuliacha suala la lugha. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na baadaye Chuo Kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwanafunzi wa uhandisi anabishana na wenzake bwenini kwa Kiswahili na kuandika mtihani kwa Kiingereza. Mabishano yake, ambayo ndiyo mahali fikra zinapobadilika, hayaingii darasani.

Tusijidanganye kwamba kutafsiri pekee kutamaliza kazi. Neno nguvu katika mazungumzo ya kila siku linabeba misuli ya mtu, umeme, madaraka na msukumo kwa pamoja, ndiyo maana wanasayansi wetu walilichagua neno kani kwa msukumo na nishati kwa uwezo wa kufanya kazi. Hata hivyo lugha yetu inatupa silaha ambayo lugha nyingi hazina. Vitenzi vyetu vina hali ya kutendana: kusukumana, kuvutana, kugandamizana. Anayesema kwamba kitabu na meza vinasukumana amekwisha tamka kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina mwenzake aliye sawa naye na anayeelekea upande wa pili.

Na hapa uhakiki unageukia kwetu. Katika nadharia ya ujamaa, Lenin akiwa mmoja wa waliofanya hivyo, kani na kani ya kuijibu zimetolewa kuwa mfano wa umoja wa vinyume. Ni makada wangapi tumeurudia mfano huo? Basi na tujibu: ikiwa punda anauvuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda kwa kani iliyo sawa, mkokoteni unakwendaje? Anayejibu kwamba punda anazidi kidogo amekosea. Kani hizo mbili haziwezi kufutana kwa kuwa haziko juu ya kitu kimoja. Mtenge mkokoteni: punda anauvuta mbele, msuguano unauzuia nyuma; wa kwanza ukizidi, mkokoteni unaondoka. Mtenge punda: anaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi inamsukuma mbele. Aliyekuwa akitamka umoja wa vinyume bila kujua hili alikuwa kasuku mwenzake yule wa mlinganyo.

Nini kifanyike

Kwanza, swali litangulie hotuba. Wanafunzi watabiri, wapige kura, wabishane wawili wawili kwa lugha wanayoimudu, kisha mizani ya springi na kamba viamue. Pili, pasiwe na mlinganyo kabla ya mchoro ulioandikwa majina mawili mawili. Tatu, mtihani uwe na maswali ambayo jibu lake si namba: wapewe mchoro wenye mshale uliosahauliwa, wautafute. Mtihani ukibaki wa kukariri, mwanafunzi atakariri, na hatuna haki ya kumlaumu.

Tutaambiwa kwamba madarasa ni makubwa na silabasi ni ndefu. Ukubwa wa darasa ni tatizo la kweli, na wenye dhamana ya bajeti walikabili bila visingizio. Lakini mabishano ya jirani na jirani hayahitaji chumba kidogo. Ama silabasi, haina maana kuimaliza huku wanafunzi wameachwa njiani. Afadhali sura chache zilizoeleweka.

Kwa makada kuna wajibu zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoidhinishwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Idadi ya abiria ilikuwa imekwisha kupangwa na wataalamu. Lakini namba iliyobandikwa ukutani, ambayo hakuna anayejua sababu yake, ni amri tu, na amri huvunjwa siku ya gulio. Mhandisi aliyeelewa anaweza kumweleza nahodha, mwenyekiti wa kijiji na abiria kwa nini mzigo ukizidi chombo hupoteza uwezo wa kujirudisha wima. Aliyekariri hana cha kuwaeleza, kwa kuwa naye hajui.