Sabuni haiwezi kuwa shujaa wa hadithi

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huandika matangazo ya biashara, aliniletea kisa cha sabuni nikihariri. Kilianza kwa paukwa, pakawa. Mama anahangaika na nguo chafu, sabuni inatokea, mambo yanakuwa shwari. Basi!

Nilimwambia lugha ni sanifu ila hadithi haipo. Katika ngano zetu, shujaa hutaka jambo, akazuiliwa, akajikakamua. Ngoma ya ajabu au hirizi humsaidia tu. Hapa sabuni imempora mama ushujaa wake.

Hebu tazama The Furrow, jarida lililoanzishwa na kampuni ya John Deere ya Marekani mwaka wa 1895. Limedumu kwa kusimulia maisha ya wakulima badala ya kusifia matrekta tu.

"Lakini Prof, anayelipa ni mwenye sabuni," akalalama.

Kweli. Ila mtoto akishazoea kwamba kila paukwa huishia dukani, siku nyanya yake atakapomwita jioni kwa neno lilo hilo, ataitikia pakawa kwa moyo gani?