Fern Kapewa Milango Miwili

Nimeitazama sinema ya Nomadland mara tatu, na mara zote tatu nimelia mahali palepale: pale bwana mmoja anapobeba boksi kwa nia njema ya kusaidia, na sahani za Fern zinamwagika chini na kuvunjika. Sahani zenyewe si za thamani. Baba yake alizikusanya kidogo kidogo kwa watu wanaouza vitu vyao vya zamani, akampa alipomaliza shule. Fern anaokota vipande, anakaa navyo, anaviunga kwa gundi. Nasema hivi mapema, ndugu msomaji, ili utakapofika mbele na kukuta naishambulia sinema hii usije ukadhani nina roho ya korosho, au kwamba sikuielewa. Niliielewa. Ilinipata. Na hapo ndipo ilipo kasheshe.

Kwa ambao hawajaiona, habari yenyewe ni hii. Fern, mjane wa miaka ya sitini, anaigizwa na Frances McDormand. Alikuwa akiishi Empire, mji mdogo wa kiwanda huko Nevada, kando ya jangwa la Black Rock. Mji huo ulikuwepo kweli. Kiwanda kilikuwa cha mbao za jasi za kujengea, nyumba zilikuwa za kiwanda, na kilipofungwa Januari 2011 mji mzima ulifungwa pamoja nacho, hata namba yake ya posta ikafutwa. Mume kafa, kazi imekwisha, nyumba haikuwa yake. Basi Fern anatandika kitanda ndani ya gari la Ford, umbo la kipanya lakini refu kidogo, analipa jina, na kuanza kuishi humo mwaka hadi mwaka. Desemba anafungasha mizigo kwenye ghala la Amazon. Januari anakwenda kupiga kambi jangwani Arizona. Kiangazi anasafisha vyoo vya kambi za watalii. Vuli anavuna viazisukari. Mtengenezaji ni Chloé Zhao, mwanamke mzaliwa wa Beijing, na sinema ilitoka mwaka 2020. Aprili 2021 ilichukua Oscar tatu, ya sinema bora, ya mwongozaji na ya mwigizaji wa kike.

Hakuna ngumi humo, hakuna risasi. Pale mtaani kwetu, kwenye banda la video, hakuna mtafsiri wa kanda aliyewahi kujihangaisha nayo, maana atatafsiri nini? Watu wanakaa kimya dakika tatu wakitazama moto.

Sasa, Fern hayupo duniani. Katungwa. Sinema imetokana na kitabu chenye jina hilohilo cha mwandishi wa habari Jessica Bruder, kilichotoka mwaka 2017, na katika kitabu hakuna Fern. Yupo Linda May, bibi mwenye wajukuu, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyefanya kazi za kila aina maisha yake yote na mwisho akagundua kwamba pensheni yake ya serikali ni kama dola 500 kwa mwezi. Kwa Marekani fedha hiyo haipangi chumba. Akanunua kikaravani kidogo cha kukokotwa, akakifunga nyuma ya jipu lake, akaingia barabarani. Bruder alimfuata yeye na wenzake kwa miaka mitatu, naye akanunua gari la mitumba, akalala humo, akaenda kuomba kibarua kwenye ghala na kwenye viazisukari ili aone kwa macho yake.

Kitabu nilikipata kwa kuazima, nikakisoma baada ya kuiona sinema mara ya pili. Sikulia hata ukurasa mmoja. Nilikasirika tu. Nikarudi kuitazama sinema mara ya tatu nikiwa na hasira zile, na bado sahani zilipovunjika nikalia. Ndipo nikaamua kuandika makala hii, maana mtu anayetaka kuwa mtunzi lazima ajiulize amefanywa nini hapo.

Tuanze na jangwa, maana jangwa ndilo lililopendeza zaidi katika sinema. Mpiga picha, Joshua James Richards, ameipenda sana saa ile jua linapokuchwa. Milima inakuwa zambarau, Fern anatembea na taa mkononi, muziki wa kinanda unapita taratibu. Ukitoka hapo unatamani nawe upate gari uondoke. Lakini ukisoma kitabu unaona kwamba watu wale hawakwenda jangwani kutazama machweo. Walikwenda kwa sababu jangwa ndilo eneo pekee ambalo hakuna mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja. Karibu na mji wa Quartzsite, Arizona, kuna ardhi kubwa ya serikali kuu ambayo mtu anaweza kuegesha gari lake bure kwa siku 14, kisha sheria inamtaka ahame. Anayetaka kukaa msimu mzima analipia kibali. Wakati Bruder anaandika kilikuwa dola 180 kuanzia Septemba hadi Aprili. Piga hesabu mwenyewe, miezi saba! Mji wenyewe una wakazi wasiofika elfu nne, lakini ukifika Januari jangwa linajaa magari kama stendi ya mabasi siku ya sikukuu. Wengine wana magari makubwa yaliyotoka kiwandani yakiwa nyumba kamili, yenye jiko na choo. Wengine wana gari la mizigo na godoro. Jua linawapa umeme kwa vibao vya juu ya paa. Baridi ya usiku inavumilika. Likiingia kiangazi, joto linapita digrii 40 na gari la bati linakuwa tanuri; hapo kila mtu anakimbilia milimani, na milimani ndiko kuliko na vibarua vya kusafisha vyoo. Kwa hiyo wanahama kufuata hali ya hewa na mshahara, kama walivyohama wafugaji siku zote, ila hawa ng'ombe hawana.

Maji nayo. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na bibi wa miaka sabini ndiye anayelibeba. Choo ni ndoo. Kuna mahali katika sinema watu wanapewa somo zima la kuchagua ndoo ya ukubwa unaofaa, na sisi tuliokuwa tunaangalia, watu wa vyumba vya kupanga, tulicheka mpaka tukasimamisha mkanda. Si kicheko cha dharau. Tulifurahi kukuta kuna jambo ambalo Mmarekani anafundishwa ukubwani na sisi tumehitimu zamani.

Nitatoka kidogo nje ya mada. Pale Quartzsite kuna kaburi lenye umbo la piramidi, juu yake sanamu ya ngamia. Mwenye kaburi aliitwa Haji Ali, mtu wa dola ya Waturuki, aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia, ili wajaribiwe kubeba mizigo katika majangwa yale. Wamarekani jina likawashinda wakamwita Hi Jolly. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 mpango ukasahaulika, ngamia wakauzwa na wengine wakaachiwa porini, na Haji Ali akabaki hukohuko akihangaika na kazi hii na ile mpaka alipofariki mwaka 1902. Jamani, mtu kaletwa jangwani kwa kibarua, kibarua kimekwisha, kaachwa. Mimi ningekuwa mwongozaji ningemweka Fern asimame mbele ya kaburi lile hata nusu dakika.

Sasa nije kwenye milango. Gari la Fern linaharibika, fundi anamtajia zaidi ya dola 2,000, hana. Anamwendea dada yake California. Dada ana nyumba nzuri, uwanja, nyama inachomwa nje, na anamwambia wazi kwamba abaki. Fern anakopa fedha, anaondoka. Baadaye yule bwana wa sahani, Dave, anayeigizwa na David Strathairn, anarudi kwa mwanawe na kumkaribisha Fern. Nyumba kubwa, shamba, mjukuu mchanga, chumba cha wageni. Fern analala usiku kwenye kitanda laini, hawezi, anarudi kulala garini, alfajiri anaondoka bila kuaga. Milango miwili imefunguliwa kabisa, na yeye kaikataa yote miwili.

Ni usawiri mzuri wa mhusika, sikatai. Ukimpa mhusika mlango halafu akaukataa, msomaji anaanza kumheshimu. Tunajua ana moyo, ana msimamo, ana huzuni ambayo haitibiki kwa godoro. Lakini angalia kilichofanyika. Tangu dakika ile Fern hayupo barabarani kwa sababu ya ukata. Yupo kwa sababu ya tabia yake na kwa sababu ya mume aliyekufa. Kiwanda kimesahaulika, pensheni imesahaulika, mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 uliowanyang'anya watu nyumba na akiba umebaki mstari mmoja wa ubishi na shemeji pale kwenye nyama choma. Tatizo la nchi limegeuzwa kuwa la moyo wa mtu mmoja.

Linda May wa kitabuni naye alikuwa na mlango. Alikwenda kwa binti yake. Binti alikuwa na mume, watoto na nyumba ndogo ya kupanga, na bibi alilala kwenye kochi. Hakuna aliyemfukuza. Nafasi tu haikuwepo. Mlango wa namna hiyo tunaujua wote, hauna komeo wala hauna mwenye roho mbaya nyuma yake, na huwezi kuukataa kwa heshima kama Fern. Unausogeza taratibu usiwaamshe watoto, unatoka. Huyo bibi alikuwa na ndoto ya kujijengea nyumba mwenyewe jangwani kwa matairi makuukuu na udongo, na mwisho wa kitabu anapata kipande cha ardhi kule mpakani mwa Mexico. Ajabu ni kwamba Linda May yumo katika sinema, anaigiza kama yeye mwenyewe, na ametulia mbele ya kamera kuliko waigizaji wengi niliowahi kuwaona. Wamemchukua uso wakaliacha kochi.

Na ghala je? Amazon walikuwa na mpango ulioanza mwaka 2008 wa kuajiri watu wanaoishi kwenye magari kwa msimu wa Krismasi. Bruder anaandika habari za wazee wanaotembea maili nyingi kwa siku juu ya sakafu ya saruji, za dawa za maumivu zinazotolewa bure ukutani, za Linda May kuumia mkono kwa kile kidude cha kusomea alama za bidhaa. Zhao aliruhusiwa kuingiza kamera ndani ya ghala la kweli. Tukaonyeshwa sakafu safi, wenzake Fern wakila na kutaniana, na Fern akiusifu mshahara. Mtu akikufungulia geti lake ni vigumu kumsema. Hilo linawahusu pia wale wenzetu wanaoandika vitabu kwa fedha za wafadhili.

Mzee mmoja aliniambia napiga kelele bure, eti tamthilia si ripoti. Kweli. Mfano ni Swankie, mzee wa kike msafiri, naye anaigiza kwa jina lake. Ndani ya sinema ana saratani na anakufa, na wenzake wanatupa mawe motoni kumkumbuka. Swankie mwenyewe alikuwa mzima, na Aprili 2021 alikwenda kwenye sherehe za Oscar kama mgeni. Uongo huo haunisumbui hata kidogo. Kifo kile kimetungwa lakini kinasema kweli juu ya watu wanaozeeka mbali na hospitali. Milango ya Fern nayo imetungwa, ila yenyewe inasema kitu ambacho si kweli juu ya watu wale.

Wala kitabu si msahafu. Majina ni mengi mno, kila kurasa kumi anaingia mzee mwingine na gari lake, na Linda May anapotea kwa sura nzima. Bruder mwenyewe alikuwa na nyumba New York ya kurudia, na anakiri. Lakini ameuliza swali ambalo sinema imelikwepa: kwa nini karibu wote kule jangwani ni weupe? Mweusi anayelala garini kwenye maegesho usiku, polisi akigonga kioo, je, anaulizwa maswali yaleyale?

Jambo moja sinema imelishinda kitabu. Msichana mmoja dukani, aliyewahi kufundishwa na Fern, anamwuliza kama kweli hana makao, naye anajibu kwamba alichokosa ni nyumba tu. Kwa Kiingereza jibu linasimama kwa sababu wana maneno mawili tofauti. Nilijaribu kulitafsiri nikakwama, mpaka nilipopata neno “kwetu”. Sina nyumba lakini nina kwetu. Ila “kwetu” linadai watu. Fern yuko peke yake garini. Wake ni “kwangu”. “Kwetu” ni ile kambi ya Januari, duara la viti kuzunguka moto, siku 14 halafu sheria inawatawanya.

Nimekuwa na mswada wa riwaya kwa miaka miwili sasa. Mna mama muuza samaki, Mama Shija, aliyefukuzwa kwenye chumba na analala bandani kwake ufukweni. Nilikuwa nimeandika kwamba kaka yake wa Mbagala alimwita akakae kwake, naye akakataa kwa kuwa aliipenda sauti ya bahari. Rafiki yangu aliposoma aliuliza, “Sasa kwa nini asiende?” Nikamwambia anapenda uhuru. Nilimjibu hivyo kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu bahari nilikuwa nimeielezea vizuri sana, kurasa nne za alfajiri.

Wiki iliyopita nimezitoa. Kaka wa Mbagala sasa ana vyumba viwili na watu tisa. Mama Shija alikwenda, akakaa usiku tatu, siku ya nne akasema anawahi mnadani feri, akachukua beseni lake. Hakuna aliyemwuliza atarudi saa ngapi.