Kiraka Kilichokwama Njiani

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali kadhaa za Uingereza walikuta skrini za kompyuta zao zimefunikwa na dirisha jekundu. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa msimbo wa siri, na anayeyataka alitakiwa kulipa dola 300 kwa bitikoini. Siku tatu zikipita bila malipo, dai lingepanda hadi dola 600. Kirusi hicho, WannaCry, hakikumsubiri mtu afungue kiambatisho cha barua pepe. Kilitambaa chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kabla wiki iliyofuata haijaanza shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, Europol, lilishataja waathirika wapatao 200,000 katika nchi zisizopungua 150. Kampuni ya magari ya Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Katika vituo vya reli vya Ujerumani, mbao za kuonyesha saa za treni zilionyesha dai la pesa.

Kasoro iliyotumiwa na kirusi hicho ilikuwa imeshazibwa. Microsoft ilitoa kiraka chake, kwa jina la MS17-010, tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla ya janga. Kilikuwa bure, na kompyuta yenye Windows 7 iliyoachwa na mipangilio yake ya kiwandani ingekipakua bila mwenyewe kugusa kitu. Kwa hiyo swali la uchambuzi huu ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: kiraka kilikwama wapi, na kinakwamaje hadi leo kwenye kompyuta za majumbani?

Kwanza, kasoro yenyewe. Windows ina itifaki iitwayo SMB, inayoziwezesha kompyuta kutumia mafaili na printa kwa pamoja. Toleo lake la kwanza lina asili ya miaka ya 1980, lakini lilibaki ndani ya Windows kwa ajili ya mashine kongwe. Humo ndimo tatizo lilimojificha. Kompyuta ilipopokea orodha fulani ya maelezo ya faili kutoka kompyuta nyingine, ilikosea kukokotoa ukubwa wake, ikatenga nafasi ndogo kuliko data iliyokuwa inakuja. Data ya ziada ilimwagikia sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na kupitia hapo mshambuliaji aliweza kupenyeza amri zake hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi. Hakuhitaji nywila wala mtu wa kubofya chochote.

Tarehe 14 Aprili, mwezi mmoja baada ya kiraka, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana iitwayo EternalBlue, iliyoundwa mahususi kwa kasoro hiyo. Rais wa Microsoft, Brad Smith, alisema baadaye kwamba zana hiyo iliibwa kutoka shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Wiki nne tu baada ya kumwagwa, ilikuwa imeshafungwa ndani ya WannaCry.

Hata bila wizi wa namna hiyo, kila kiraka kinapotoka hufichua siri. Mtaalamu huchukua faili la zamani na jipya, akalinganisha mistari ya msimbo, na mahali palipobadilika ndipo palipokuwa na kasoro. Ndiyo maana kompyuta ambayo haijasasishwa huwa hatarini zaidi baada ya kiraka kutoka kuliko kabla: sasa ramani ya udhaifu wake iko mikononi mwa kila anayeitaka.

Siku za mwanzo lawama zote zilielekezwa kwa Windows XP, iliyokuwa imeacha kupewa masasisho tangu Aprili 2014. Uchunguzi ulionyesha vingine. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilikuta kwamba karibu kompyuta zote zilizoambukizwa, takriban asilimia 98, zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. XP mara nyingi ilianguka tu na kuonyesha skrini ya buluu kabla kirusi hakijaota mizizi. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza nayo iligundua kwamba hospitali zilitumiwa tahadhari Machi na tena Aprili, zikitakiwa kuweka kiraka. Taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ziliathirika, na miadi ya wagonjwa takriban 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Mafundi waliitengeneza dawa kwa wakati na wasimamizi wakaitangaza kwa wakati. Kilichobaki ni hatua ya mwisho, ile ya kutoka kwenye seva hadi kwenye diski, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mtafiti kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliona kwamba kirusi kinauliza kwanza kama anwani fulani ya mtandaoni ipo, na ikiwepo kinasimama. Alipoisajili, kasi ya maambukizi ilikatika siku ileile. Lakini kasoro ilibaki wazi kwa wasiosasisha, na tarehe 27 Juni, siku 105 baada ya kiraka, kirusi kingine, NotPetya, kikapita katika tundu lilelile.

Microsoft yenyewe ilikuwa imejifunza ugumu wa hatua hiyo ya mwisho zamani. Huduma ya Windows Update ilianza na Windows 98, lakini mtumiaji alitakiwa kwenda kuyatafuta masasisho mwenyewe. Windows Me ya mwaka 2000 ikaanza kuyapakua kwa hiari yake. Kisha ikaja Agosti 2003: kirusi Blaster kiliangusha kompyuta duniani kote ilhali kiraka chake kilitoka Julai. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikaweka utaratibu wa kutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mwaka uliofuata toleo la pili la marekebisho ya XP likawasukuma watu kuwasha usasishaji wa moja kwa moja. Uamuzi mkali zaidi ulikuja na Windows 10 mwaka 2015. Katika toleo la nyumbani, kitufe cha kuzima masasisho kabisa kiliondolewa; mtumiaji anaweza kuyaahirisha tu. Wengi walikasirika, na walikuwa na sababu, kwa kuwa kompyuta zilijizima katikati ya kazi. Lakini uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi.

Kompyuta inafanya nini hasa inaposasishwa? Huduma ya chinichini huuliza seva kuna kipya gani, hulinganisha na kilichomo, kisha hupakua pale tu mtandao unapokuwa hautumiki sana. Umeme ukikatika au bando likiisha, upakuaji huendelea kutoka ulipoishia. Kifurushi kikifika hukaguliwa saini ya kidijitali, maana mtu anayeweza kujifanya Microsoft angekuwa na ufunguo wa kila nyumba. Hilo si jambo la kufikirika: mwaka 2012 iligundulika kwamba programu ya ujasusi iitwayo Flame ilighushi saini hiyo kwa kutumia udhaifu wa kanuni ya zamani ya MD5, ikajipitisha kama sasisho halali. Microsoft ililazimika kubatilisha vyeti na kukaza njia nzima.

Baada ya ukaguzi, mafaili mapya huwekwa pembeni yakisubiri. Windows haikubali faili linalotumika libadilishwe, na mafaili ya kiini hutumika muda wote mashine ikiwa imewaka. Kwa hiyo ubadilishaji wenyewe hufanyika wakati wa kuzima na kuwasha upya. Kufunga kifuniko cha kompyuta ya mkononi huilaza tu, na mtu anayefanya hivyo mwezi mzima anaweza kuwa na kiraka ndani ya diski yake kisichomlinda hata kidogo. Kuna mtego mwingine ambao wachache wanaujua. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya kiini kwenye diski ili kompyuta iwake haraka asubuhi. Kiini cha jana ndicho kinachoamka leo. Microsoft inaeleza wazi kwamba baadhi ya masasisho hayakamiliki kwa njia hiyo. Anayetaka uhakika achague kuwasha upya, asizime tu.

Kwa nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa inayotegemea bando la simu, kikwazo kikubwa huja mapema zaidi: ukubwa. Sasisho la mwezi la Windows linaweza kula mamia ya megabaiti, na si ajabu kumkuta fundi anayemwekea mteja Windows na papo hapo kumzimia masasisho ili asilalamike. Anamsaidia leo na kumwacha wazi kesho. Zipo njia nyingine. Windows inaruhusu kuutaja mtandao fulani kuwa wa kulipia kwa kipimo, nayo ikaacha kupakua mengi ya masasisho huko hadi ipate mtandao mwingine. Nyumba yenye kompyuta mbili au tatu inaweza kuruhusu moja ipakue na nyingine zichukue vipande kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani bila kugusa bando. Mpangilio uitwao Delivery Optimization ndio unaofanya kazi hiyo, na ni busara kuubakiza kwenye mtandao wa ndani pekee. Aidha, Microsoft ina katalogi ya wazi ambamo sasisho hupakuliwa kama faili moja, likabebwa kwa flashi kutoka penye intaneti nafuu. Na kwa kuwa masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 ni ya kujumlisha, la mwisho huwa limebeba yaliyotangulia. Aliyekosa miezi mitano kwa kawaida hahitaji kupakua mafaili matano.

Kuhusu ukubwa, kazi nzuri kuliko zote ilifanywa na Google. Mwaka 2009 wahandisi wa kivinjari cha Chrome walitaka kutuma masasisho mara kwa mara bila kuwachosha watumiaji. Njia ya kawaida ni kutuma tofauti tu kati ya faili la zamani na jipya, lakini programu iliyokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine ina tabia ya ukaidi: ukiongeza mstari mmoja, kila kilicho baada yake husogea, na maelfu ya anwani zinazoelekeza huku na kule hubadilika. Zana yao, Courgette, huyafumua kwanza mafaili yote mawili, ikabadili anwani hizo kuwa majina, kisha ikalinganisha. Majina hayasogei, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ile ya kweli. Katika mfano walioutangaza, sasisho zima lilikuwa baiti 10,385,920. Tofauti ya kawaida ilikuwa baiti 704,512. Ya Courgette ilikuwa 78,848. Upungufu wa zaidi ya mara 130 kwa hila moja iliyofikiriwa vizuri! Mamilioni ya watu wamesasishiwa Chrome bila kujua kwamba kuna lililotokea.

Watu wengine hawasasishi kwa hofu, na hofu hiyo isipuuzwe. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10 linalojulikana kwa namba 1809, na siku chache tu baadaye ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya watu. Walioumia walikuwa wale waliohamishia folda kama ya nyaraka kwenye diski nyingine. Sasisho liliiona folda ya zamani kuwa mabaki, likaifuta pamoja na vilivyosahaulika ndani yake. Waliolijaribu mapema walikuwa wameshatoa taarifa, ila zikazama miongoni mwa malalamiko madogomadogo. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba, na Microsoft ikaongeza sehemu ya kueleza uzito wa tatizo katika fomu yake ya maoni. Fundisho la vitendo ni kutenganisha mambo mawili. Viraka vya usalama vya kila mwezi viwekwe mara vinapofika. Matoleo makubwa yanaweza kusubiri wiki chache, na nakala ya picha na nyaraka iwe imeshawekwa kwenye diski ya nje.

Linabaki kundi la programu zisizo na mlezi. Windows Update haiangalii kila kitu kilichomo kwenye kompyuta, na mfano bora ni WinRAR, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Mapema 2019 kampuni ya Check Point ilitangaza kasoro iliyokaa humo takriban miaka 19. Maktaba ya kufungulia mafaili ya aina ya ACE ilimruhusu mshambuliaji kupachika programu yake katika folda ya vitu vinavyoanza kompyuta inapowashwa. Watengenezaji hawakuwa tena na msimbo asilia wa maktaba hiyo, wakaamua kuiondoa kabisa katika toleo la 5.70. Lakini WinRAR haijisasishi yenyewe. Toleo la 2015 litakaa kwenye diski hadi mwenye kompyuta aende kulibadilisha kwa mkono wake, na mwaka 2023 kasoro nyingine iliyokuwa imeshaanza kutumiwa na wahalifu iliwakuta wengi na matoleo ya kale.

Kwa programu za namna hii Microsoft ilileta mwaka 2021 zana ya winget. Mtu hufungua dirisha la amri, akaandika winget upgrade, na orodha ya programu zenye matoleo mapya ikajitokeza. Akiongeza --all, zinasasishwa kwa mkupuo. Haizijui programu zote, lakini inazijua nyingi. Watumiaji wa Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, na ndugu zake wamekuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu miaka ya 1990: hazina moja, na amri moja inayosasisha mfumo endeshi, kivinjari na programu ya kufungulia mafaili kwa pamoja.

Utaratibu huo una uzito mpya sasa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kizazi cha prosesa. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya kampuni. Vivinjari huendelea kwa muda, kisha navyo huondoka: kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Mwenye kompyuta nzima ya mwaka 2016 anaweza kujiandikisha katika mwaka huo wa nyongeza sasa, akautumia kujaribu Linux Mint, mmoja wa ndugu hao wa Debian, kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na kuona kama printa, modemu na nyaraka zake zinafanya kazi kabla ya kuamua.