Kuchagua na Kufunga Geji za Bunduki ya Rangi

Katika bunduki zote za mchezo wa peintiboli, ni chache zilizowalazimisha wachezaji kujifunza kusoma geji kama Autococker, ile ya Bud Orr wa Marekani na kampuni yake ya Worr Game Products. Kwani hewa yake hupita katika regulata mbili, ya kwanza ikilipunguza shinikizo litokalo mtungini kabla halijafika kwenye vali ya kurushia, na ya pili, iliyo ndogo, ikilipunguza tena ili liendeshe pistoni ya mbele, ambayo huivuta nyundo nyuma baada ya kila mfyatuo. Mtungi wa hewa aghalabu hutoa ratili 800 kwa inchi ya mraba. Vali yatosheka na kiasi cha 300 hivi, na pistoni yataka chini ya 100.

Mnunuzi mgeni huvutiwa na geji yenye kipeo kikubwa, akidhani ndiyo iliyo imara, na hapo ndipo anapoghilibika. Kosa la geji hizi ndogo huhesabiwa kwa asilimia ya kipeo chote, wala si ya namba inayosomwa: kwa zile za daraja la kawaida, katika nusu ya kati ya uso wake yaruhusiwa asilimia 2, na katika robo ya mwanzo na ya mwisho asilimia 3. Basi geji ya ratili 3,000, ikisoma 300, yaweza kumdanganya fundi kwa ratili 90, ilhali ile ya 600, ambayo 300 yaiangukia katikati barabara, haikosei zaidi ya 12. Regulata ya kwanza, kwa rai yangu, ipewe ya 600, na ya pili ipewe ya 160. Wala tusipunguze kupita kadiri. Maana ndani ya geji mna kibomba kilichopindwa, maarifa aliyoyasajili Eugène Bourdon mjini Paris mwaka 1849, ambacho hutaka kunyooka kila shinikizo linapokijaa, nacho kikinyooshwa kupita uwezo wake hakirudi tena mahali pake, na akrabu husema uongo hata hewa yote ikiwa imekwisha kutolewa.

Kufunga si kazi ngumu, ila kuna mtego mmoja. Hesi za geji hizi ni za bomba la thumuni ya inchi, nazo za Kimarekani zina meno 27 kwa inchi, hali zile za Kiingereza, zinazopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya mabomba, zina 28. Huingia mizunguko michache kwa urahisi, kisha zikakwama, na anayelazimisha kwa spana huharibu regulata yenye thamani kuliko geji. Hewa itolewe yote kwanza, utepe mweupe wa mafundi bomba uzungushwe mara mbili au tatu ukiacha wazi jino la mbele, na spana ishike pale palipochongwa pembe nne, kamwe isiwe kichwa cha geji.

Kazi yenyewe ya kusawazisha hufanywa kwa geji pamoja na kronografu, na miwani ya kinga ikiwa usoni. Springi ya nyundo huachwa kama ilivyo, na regulata ya kwanza hupandishwa kidogo kidogo huku mwendo wa risasi ukiandikwa: mwendo hupanda, hufika kileleni, kisha, jambo linalowashangaza wengi, huanza kushuka, kwa sababu shinikizo lililozidi huikandamiza vali hata nyundo ikashindwa kuifungua sawasawa. Pale kileleni ndipo pa kuachia regulata, na mwendo ukipita kikomo cha uwanja, ambacho kwa kawaida ni futi 280 au 300 kwa sekunde, hupunguzwa kwa springi. Kisha bunduki iachwe itulie, akrabu ikitazamwa: ikipanda polepole ilhali hakuna aliyegusa kitu, kiti cha regulata kimechakaa, na risasi ya kwanza baada ya mapumziko haitakuwa na mwendo sawa na zitakazofuata.

Mwenye fedha ya geji moja tu aifunge kwenye regulata ya kwanza. Ile ndogo husawazishwa pasipo geji, kwa kuishusha hata pistoni ishindwe kuivuta nyundo, kisha kuipandisha kidogo.