Sifa za Nakala Safi

Waraka uliokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, uwe ni tasnifu ya mwanafunzi, katiba ya chama cha ushirika, mkataba wa kupangisha nyumba au taarifa ya mwaka ya shirika, haubaki tena kuwa maneno ya mtu mmoja. Hugeuka baraza, ambalo matini hukaa katikati na wanenaji hukaa pambizoni, kila mmoja kwa rangi yake, jina lake na saa aliyonena, huyu akiuliza ushahidi uko wapi, yule akitaka aya nzima iondolewe, na wa tatu akiwajibu wote wawili kwa neno la ukali ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya watu. Kompyuta huyahifadhi yote hayo kwa uaminifu usiojua haya. Kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ya yule ambaye, mashauri yakiisha, huketi akalivunja baraza lile kwa adabu, akatoa katika printa karatasi nyeupe zenye matini peke yake.

Wako wasemao kwamba hili si jambo la kutungiwa insha, kwa kuwa ni la kubofya mara mbili au tatu tu. Nami kwa upande wa kubofya siwakatalii. Programu ya Word, ambayo ndiyo iliyoenea katika maofisi yetu, isipokatazwa huchapa maoni pamoja na matini: huusinyaza ukurasa, huusogeza upande mmoja, na katika ukanda uliobaki hupanga visanduku vya maoni, kila kimoja kimefungwa kwa uzi mwembamba kwenye neno linalolalamikiwa, hata herufi zilizopimwa kwa ukubwa wa 12 zikatoka ndogo za kumtafutisha mzee miwani. Dawa yake imo katika dirisha lile lile la kuchapia: katika orodha ya kuchagulia kurasa pana mstari unaotaja alama za uhariri, na mbele yake tiki, tiki ikiondolewa, pambizo hunyamaza. Programu ya LibreOffice, ambayo naiona ina heshima zaidi katika jambo hili, humpa mtu hiari tano: maoni yasichapwe kabisa, yachapwe peke yake, yawekwe mwisho wa waraka, mwisho wa kila ukurasa, au pambizoni. Basi mtu akiishia hapo ameweza kuchapa; kama amepata nakala safi, hilo ni neno jingine.

Kwani kuficha si kuamua. Mwandishi anapoiacha programu ifuatilie mabadiliko yake, kila neno jipya hubaki ombi, na kila neno lililokatwa hubaki mshitakiwa, mpaka mwenye mamlaka akubali au akatae. Tiki ile ikiondolewa, printa haingoji hukumu: huyachapa maombi yote kana kwamba yamekubaliwa, na huyaacha nje yote yaliyokatwa kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeyatetea. Hivyo katiba ya chama, ambayo mjumbe mmoja alipendekeza akidi ya mkutano ipunguzwe kutoka theluthi mbili hadi nusu, na mwenzake akauliza pembeni ni kikao gani kilichopitisha jambo hilo, yaweza kutoka katika printa ikiwa nyeupe, imenyooka, inapendeza kwa kila macho, na akidi yake ni nusu, wala swali la yule mwenzake halionekani popote. Fundi wa kanzu hupiga bandi kabla ya kushona, na siku ya kukabidhi kazi huzing'oa nyuzi za bandi zote. Lakini hazing'oi kabla cherehani haijapita, maana kanzu hiyo ingemfumukia mwenyewe mlangoni pa msikiti.

Karani mjuzi, kwa hiyo, huianza kazi yake mbali na printa. Kwanza huiweka kando faili yenye mashauri yote, akaipa jina na tarehe, asiiguse tena, kwa sababu siku moja ataulizwa nani alisema nini. Kisha katika nakala ya pili hupita badiliko baada ya badiliko, akikubali lililoafikiwa na kukataa lililokataliwa. Na asilolijua halipigii ramli, humpigia simu mwenyewe. Maoni huyafuta mwisho, baada ya kila moja kupata jibu lake, na hapo ndipo macho yake yanapoanza kuyatafuta mabaki ambayo mashine huyapita: nafasi mbili zilizokaa mahali palipokuwa na neno lililokatwa, nukta mbili zilizokutana, sentensi iliyopoteza kiima chake katika vita vya wahariri wawili, umoja uliogeuzwa wingi huku kitenzi kimesahauliwa nyuma. Orodha ya yaliyomo huisasisha baada ya hayo yote wala si kabla yake, maana maneno yaliyokatwa, maadamu yalikuwa yakionekana ndani ya mistari, yalikuwa yakila nafasi, na kurasa zilizohesabiwa pamoja nayo sizo zitakazochapwa. Ikiwa kazi itapelekwa steshenari, huigeuza kuwa PDF kabla ya kuitia katika flashi, kwa kuwa kompyuta ya dukani huenda ikawa na toleo jingine la programu, au ikakosa fonti aliyoitumia, na majedwali yakavurugika huku foleni ya watu inamtazama. Halafu huchapa nakala moja tu, akaisoma na kalamu mkononi, ndipo anapoagiza kumi.

Ustadi huu una nasaba ndefu kuliko kompyuta. Katika vitabu vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo vilisomwa na kunakiliwa katika miji ya pwani yetu, matini ilikaa katikati na hashiya za wanavyuoni ziliweza kuizunguka, nyingine zikipanda ubavuni, nyingine zikishuka kwa mshazari mpaka chini ya ukurasa. Na mnakili aliyeruka neno alilirudisha pambizoni, akaandika kando yake sahha, kuwa ithibati kwamba hilo ni la matini wala si maoni ya msomaji aliyepita. Alama hiyo ndogo ilikuwa na elimu nyingi ndani yake, kwa kuwa ilitenga sahihisho na sherehe. Mnakili aliyefuata alijua lipi la kurudishwa mstarini na lipi la kuachwa nje. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchongaji na bingwa wa khati aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akina William Hichens na Ernst Dammann, na baadhi ya nakala za mkono wake zimehifadhiwa London hata leo. Mtu wa kazi ile hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Kusafisha kwake kulikuwa kuandika upya.

Ikaja taipureta, na sheria ikabaki ile ile. Rasimu ilirudi kutoka kwa mkubwa wa ofisi imejaa mistari na mishale ya kalamu, mpiga taipu akaipiga yote upya juu ya karatasi za kaboni, na kosa moja katika mstari wa mwisho liliweza kuugharimu ukurasa mzima. Usafi ulikuwa ghali, kwa hiyo uliheshimiwa. Leo umekuwa kama wa bure, na kitu cha bure hakikosi wa kukidharau.

Lakini kompyuta imeleta hatari ambayo Kijumwa hakuijua, nayo ni nakala inayoonekana safi ilhali si safi. Mwezi wa Oktoba 2005 tume ya Umoja wa Mataifa, ikiongozwa na mwendesha mashitaka wa Kijerumani, Detlev Mehlis, ilitoa taarifa yake juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanon. Katika maandishi yaliyokusudiwa kusomwa, ushahidi wa mtu mmoja ulitaja maofisa wakubwa wa Lebanon na Syria bila ya majina. Walakini faili ya Word iliyosambazwa ilikuwa bado imebeba historia ya mabadiliko, na walioifungua wakayaona majina yaliyokuwa yamefutwa, likiwamo la Maher al-Assad, ndugu yake rais wa Syria wa wakati huo. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, Machi 2004, kampuni ya SCO ya Marekani iliishitaki kampuni ya DaimlerChrysler, na faili ya hati ile ya mashitaka ikatoboa siri kwamba mshitakiwa aliyeandikwa humo kwanza alikuwa Bank of America. Katika mambo hayo mawili hapakuwa na mdukuzi wala mwizi. Palikuwa na pambizo lililofichwa bila ya kufutwa.

Karatasi haina ugonjwa huo. Kisichochapwa juu yake hakimo ndani yake, na hakuna ufunguo wa kukitoa; ndiyo sababu nasema kuficha, ambako kwa faili ni udhaifu, kwa karatasi ya kusomwa kikaoni asubuhi moja kwaweza kutosha, maadamu hakuna anayeidai karatasi ile kuwa ni hati ya mwisho. Mzee wa baraza ambaye hajauona waraka ana haki ya kuusoma kwanza kwa akili yake mwenyewe, bila ya kusukumwa na visanduku vya waliomtangulia. Kwani jicho la mwanadamu, likiona neno la rangi pembeni, hulisoma hilo kabla ya sentensi inayosemwa, na hukumu huingia kabla ya ushahidi. Anayetuma faili hana ruhusa hiyo. Yampasa afute kweli kweli, na Word tangu toleo la 2007 ina kikaguzi cha waraka, ambacho hutafuta maoni, mabadiliko na majina ya waandishi yaliyojificha, kikamwuliza mtu kama ayaondoe. Nami nashangaa ni ofisi ngapi zinazokitumia.

Iko fadhila nyingine ya nakala safi ambayo naiona kubwa kuliko hizi zote, nayo ni sitara inayompa mkosoaji. Msimamizi wa tasnifu aliyeandika pembeni kwamba sura nzima haina maana, au mwanasheria aliyemwonya mteja wake kwamba kifungu fulani kitamshinda mahakamani, alinena kwa imani kwamba ananena faraghani. Maneno yale yakitoka kuchapwa, yakagawiwa mezani kwa wageni, aliyeaibika si mwandishi peke yake. Na mara nyingine mkosoaji yule ataandika kwa kuogopa, atasifu pasipostahili sifa, na waraka ujao utakuwa dhaifu kwa sababu ya uzembe wa karani wa waraka huu. Ukali wa mashauri hudumu pale tu ambapo wenye kushauri wana hakika ya faragha yao. Hata hivyo sisemi maoni yatupwe: komenti za msimamizi, kama wanafunzi wa vyuo wazitajavyo, mara nyingi zina elimu kuliko tasnifu yenyewe, na mwanafunzi mwenye busara huzihifadhi miaka mingi. Nasema zisigawiwe pamoja na matini.

Katika kurasa za shukrani za tasnifu zetu hutajwa wasimamizi, wazazi, wenzi wa ndoa, wafadhili, na marafiki waliokuwa wakiitwa usiku wa manane; mara chache sana hutajwa yule aliyezichambua alama nyekundu moja moja, akauliza alipotilia shaka, akatoa kazi iliyomwezesha mtahini kusoma hoja bila ya kusikia kelele za karakana. Nawaomba wanaoandika shukrani hizo mwaka huu wamwongeze, kwa jina lake, katika ukurasa ule ule ambao yeye mwenyewe ndiye atakayeuchapa.