Ruweej hakuwa bibi ya mfalme tu

Malkia Ruweej wa Walunda anarudi kila mara katika hadithi na michezo. Pepetela wa Angola alimwandikia riwaya nzima. Lakini tunaona kasoro moja: wengi wanasimulia mapendo yake na muwindaji Muluba, Cibinda Ilunga, kisha wanamusahau. Sherti tuulize: ile bangili ya lukano, alama ya ufalme, ilikuwa ya nani? Mapokeo yanasema baba aliiachia binti, wala si wandugu zake Cinguli na Cinyama. Cibinda aliipata toka mikono ya mwanamke. Pale Musumba hawakusahau: cheo cha Nswan Murund kinamukumbusha Ruweej. Ndugu walimu, tukifundisha mapendo bila lukano, mabinti zetu watajifunza nini?