Dosie ya Kambale wa Tatu

Ukiingia katika biro yenye watu thelathini mjini Butembo na kuita "Kambale!", usishangae wakigeuka watatu. Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Nyumbani hilo halimsumbui mtu. Kwenye mtandao wa ofisi, ambako kila mfanyakazi anahitaji dosie yake mwenyewe ndani ya serveri, fundi asiyelifikiria mapema atakwama wiki ya kwanza.

Naipenda sana kazi ya mafundi hawa. Mfanyakazi mpya anaandika jina na neno la siri kwa mara ya kwanza, na dosie yake iko tayari, wala hakuna aliyekimbia kumtengenezea. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iitwayo pam_mkhomedir. Mtu akishakubaliwa kuingia, programu hiyo hutazama kama ana dosie. Akiwa hana, humtengenezea papo hapo kwa kunakili vyote vilivyomo katika /etc/skel, mahali ambapo fundi ameshaweka mipangilio ya kuanzia, fomu ya likizo, na karatasi yenye nembo ya ofisi. Aliyesajiliwa lakini hajafika hachukui nafasi yoyote kwenye diski.

Jina fundi hulitatua kwa kuongeza herufi au jina la pili. Ugumu uko kwenye namba. Serveri humtambua mwenye dosie kwa namba yake, si kwa jina. Kambale wa kwanza akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa, mafaili aliyoyaacha hubaki na namba ileile. Amri ya useradd, ikiachiwa ichague yenyewe, kwa kawaida hutoa namba inayofuata ile kubwa kuliko zote zilizopo. Basi kama aliyefutwa ndiye alikuwa wa mwisho, anayemfuata hupewa namba yake, na barua zake zote pamoja nayo. Ndiyo maana fundi makini ana orodha ya namba zilizokwisha kutumika, na hairudishi hata moja kazini.

Ruhusa nazo anazipanga mwenyewe. Dosie huwekewa 700: mwenyewe asome, aandike, aingie, na mwingine yeyote abaki nje, isipokuwa root, yaani msimamizi mkuu wa serveri. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, mashirika yalileta watu wengi kwa mikataba mifupi, na mafaili yaliyobeba majina ya wagonjwa na ya waliokutana nao yalipita mikononi mwa wengi. Katika mji ambao familia zinajuana, dosie iliyo wazi inaweza kumletea mtu madhara makubwa.

Lakini ustadi wenyewe hasa unaonekana umeme unapokatika, na Butembo huo hukatika. Kutengeneza dosie ni hatua kadhaa: kuifungua, kunakili ndani yake, kumkabidhi mwenyewe, kuifunga. Mashine ikizimika kabla ya kukabidhi, dosie ipo tayari ila bado ni mali ya root. Kesho yake programu inauliza tu kama dosie ipo. Ipo, basi inapita, na Kakule anabaki amefungiwa nje ya dosie yake.

Fundi mwenye mkono mzuri huandika skripti yake kwa mpangilio mwingine. Anaijenga dosie kwa jina la muda, kwenye mfumo uleule wa mafaili. Ananakili, anamkabidhi mwenyewe, anaweka 700, kisha anaamuru sync ili kila kitu kiandikwe diskini kweli. Hapo ndipo anabadilisha jina kwa mv -T. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili ni tendo lisilogawanyika: limefanyika au halijafanyika. Na ile herufi T kubwa ina kazi yake, maana bila hiyo, kama dosie ya jina lile imeshakuwapo, mv ingeitumbukiza mpya ndani ya ya zamani bila kulalamika. Niliposomewa mstari huo na fundi mmoja, kidole chake kikisimama kwenye herufi ile, nilimheshimu zaidi kuliko kwa maneno yote aliyonieleza kabla.

Naye haamini kabla ya kujaribu. Huchukua kompyuta ya akiba, huanzisha skripti, na katikati huchomoa waya wa umeme. Akiiwasha tena, mstari wa kwanza wa skripti hufuta mabaki yenye jina la muda, na ujenzi huanza upya. Huchomoa mapema, huchomoa baadaye, huchomoa karibu na mwisho, na kila mara hutazama kwa ls -l: dosie haipo kabisa, au ipo kamili na jina la mwenyewe limeandikwa kando yake.